Taa Isiyoazimika

Saa ya Tanzania imewekwa kufuata jua la mstari wa nyuzi 45 mashariki. Mstari wenyewe haupiti Lulindi. Haupiti Masasi, haupiti Newala, na hata Mtwara mjini haufiki; unapita mbali huko majini, jirani na kisiwa cha Mayotte, kwa watu ambao sina deni nao. Sisi wa huku chini ya uwanda wa Makonde tupo kwenye nyuzi 38 na kitu, kwa hiyo jua likishafika utosini kwa wenyewe, kwetu bado lina safari ya dakika kama 25. Nani aliulizwa? Mimi sikuulizwa. Matokeo yake, mwezi wa saba jua la Lulindi linachomoza saa moja kasorobo, na mimi saa kumi na moja na nusu alfajiri natakiwa niwe nimeshapanda baiskeli.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Ukisikia karani utadhani ni mtu wa kivulini, kalamu sikioni, chai ya maziwa mezani. Njoo msimu wa salfa. Mikorosho inapuliziwa alfajiri, upepo ungali umelala, kwa sababu unga wa salfa ukikutana na upepo unakwenda kutibu ubwiriunga wa jirani ambaye hakuchangia hata senti. Mkulima analijua hilo vizuri. Asilolijua ni kwamba mfuko wake unaweza kuchukuliwa jana yake mchana. Hapana. Anakuja gizani, anakaa mlangoni mwa ghala, anakohoa kwa makusudi mpaka karani afike. Ikiingia Oktoba, giza linahamia upande wa pili wa siku: korosho zinamiminika, mizani haipumziki, lori lililoahidiwa saa nane linatokea magharibi, na mimi natoka ghalani watu wameshakula na kulala. Kati ya nyumba yangu na ghala kuna njia ya mchanga inayopita ndani ya mikorosho, na mkorosho si mti wa kupitisha nyota. Matawi yake yanagusa chini. Usiku pale mkono wako mwenyewe unauona kwa kuukumbuka tu.

Basi nahitaji taa ya baiskeli. Ni sentensi fupi, lakini imenitoa jasho kuliko mkaguzi wa hesabu.

Nilianzia Masasi mjini, kwenye duka ambalo silitaji kwa sababu bado nina matumaini ya kurudishiwa hela yangu. Kijana wa kaunta alinitazama suruali yenye vumbi la salfa, akajua ameletewa riziki.

“Mzee, chukua hii. Lumeni elfu kumi. Ukiiwasha Lulindi, Newala wanadhani kumekucha.”

Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa. Mshumaa mmoja unatoa kama 12. Globu ya zamani ya wati 60, ile iliyokuwa inaunguza vidole ukiigusa, ilitoa kama 700. Taa moja ya gari la kawaida, ikiwa imeshushwa ili isimuudhi anayekuja, ni kama 1,000. Sasa huyu kijana ananiambia kwamba kitaa chenye ukubwa wa limau, kinachoning'inia kwenye msumari katikati ya vitana na nyembe, kimebeba taa za magari matano. Nikamuuliza: mwanangu, joto la taa za magari matano linatokea wapi? Akanijibu kwamba ina garantii. Garantii yenyewe, kama nilivyokuja kugundua, inaishia kizingitini.

Nikaomba nione betri. Ndani kulikuwa na kijiti cha litiamu kilichoandikwa 18650, na chini yake, kwa herufi za dhahabu, miliampea-saa 9,900. Hiyo 18650 ni kipimo cha umbo: upana milimita 18, urefu milimita 65. Ndiyo namba pekee ya kweli niliyoikuta kwenye pakiti nzima. Betri za umbo hilo, hata zitoke kwenye viwanda vikubwa vya Japani na Korea, zinafika kama 3,500 hivi na hapo zimejitahidi. Hii ya Masasi imewapita Wajapani karibu mara tatu, na inauzwa pamoja na vitana.

Nikainunua. Si kwamba niliamini. Nyingine iliyokuwapo dukani ilikuwa ya rangi ya waridi na ina sura ya paka.

Sasa nikueleze taa yenyewe. Ina kitufe kimoja na hali tano: kali, wastani, hafifu, kumeta, na mawimbi ya SOS. Huwezi kuizima bila kupitia zote. Ukitaka kuzima mbele ya nyumba ya watu, kwanza unawamulika, kisha unawamulika kidogo, kisha kidogo zaidi, kisha unawametia, kisha unawaomba msaada. SOS ni alama ambayo mataifa yalikubaliana mwaka 1906 kwa ajili ya meli zinazozama. Kutoka Lulindi mpaka baharini ni mwendo mrefu wa basi. Hata nikizama kwenye mchanga wa njia ya ghalani, na nimeshazama, hakuna nahodha atakayegeuza usukani kuja kunifuata.

Hilo la hali tano ningelisamehe. Nisilolisamehe ni mwanga unakokwenda. Taa hizi zimetengenezwa na mtu anayedhani mwendesha baiskeli anatafuta kitu angani. Zinatupa duara kubwa jeupe. Nusu yake ya chini inaangukia tairi la mbele, ambalo nalijua tangu zamani, na nusu ya juu inapanda kwenye matawi ya mikorosho, inawaamsha komba. Kipande cha njia kilichopo katikati, chenye shimo, jiwe na mbuzi wa watu, kinabaki kama kilivyoumbwa. Wajerumani, ambao walituamrisha mengi hapa mpaka vita vya kwanza, kwao wana sheria kwamba mwanga wa taa ya baiskeli lazima ukatwe juu, ulale barabarani, usipande kwenye macho ya watu. Hiyo sheria hawakutuachia. Walituachia nyingine.

Usiku wa kwanza ile taa ya lumeni elfu kumi iliwaka vizuri mpaka kwenye mbuyu. Baada ya mbuyu ikawa inawaka kwa huruma. Kufika nyumbani nilikuwa naimulika yenyewe kwa tochi ya simu nione kama bado ipo.

*

Nikarudi kwenye elimu ya wazee: tochi ya betri mbili kubwa, imefungwa kwenye usukani kwa mpira wa tyubu. Hii ndiyo taa ya baiskeli ya kusini yote. Mpira wa tyubu iliyokufa unakatwa vipande virefu, unazungushwa mpaka tochi inyamaze, na kila fundi ana nadharia yake kuhusu idadi ya mizunguko. Uzuri wake ni kwamba kila kitu unakijua. Ikizima unajua: ni betri, ni globu, au ni kile kispringi cha nyuma kilichoota kutu. Unaipiga kofi, inawaka. Ile ya Masasi hata uipige vipi inakuomba SOS.

Ubaya wake ni betri. Betri zikichoka zinaanikwa juani, juu ya bati, pembeni ya mihogo. Watu wa mjini wanacheka, lakini si ushirikina. Ndani ya betri hizo kuna zinki na manganizi. Zikitumika mfululizo gesi inajikusanya na kuzuia umeme, zikipumzika manganizi inaila ile gesi, na joto la jua linaharakisha kazi. Unapata safari moja ya nyongeza, pengine na ya kurudi. Mtu anayezing'ata kwa meno naye anazibonyeza kemikali zikaribiane, ingawa kwa umri wangu sijui nihifadhi betri au nihifadhi meno.

Lakini ubaya mkubwa wa tochi nimechelewa kuusema, nao si wa kemia hata kidogo. Tochi inatoka. Ukishafungua mpira, imekuwa tochi tu, na tochi ndani ya nyumba ni mali ya umma.

Naingia usiku, naegemeza baiskeli ukutani, sijavua hata viatu.

“Baba Zawadi, lete tochi nikaangalie maharage.”

“Hiyo ni taa ya baiskeli.”

“Baiskeli imelala.”

Kwa hoja hiyo sijawahi kupata jibu. Baiskeli kweli imelala. Basi taa inakwenda jikoni, kutoka jikoni inakwenda chooni, kutoka chooni Zawadi anaichukua kwa ajili ya hesabu za darasa la sita, na katikati ya hesabu kuku wanapiga kelele, kicheche ameingia bandani, taa inatoka mbio na watu wanne nyuma yake. Jirani naye anabisha hodi: ng'ombe hana, kuku hana, lakini amesikia kelele na angependa kutafuta ndala yake aliyoipoteza akija kusaidia. Alfajiri nikiamka kwenda ghalani nakuta tochi imerudishwa kwa heshima zote mahali pake, imefungwa mpira vizuri kuliko nilivyoufunga mimi. Haiwaki.

Hao ni wa nyumbani. Bado mjomba.

Msomaji wa mikoa mingine anisikilize. Huku kwetu, uwe Mmakua, Myao au Mmakonde, ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ndiye serikali. Baba unaweza kumjibu. Mjomba unamjibu ukiwa na sababu iliyoandikwa na kugongwa muhuri. Sasa mjomba wangu ni mtu mzima, mpole, ana kofia yake safi, na kuanzia mabibo yanapoanza kuiva ana ratiba ya kutembelea wagonjwa wa vijiji vya jirani. Wagonjwa wenyewe wote wanapika uraka, pombe ya mabibo. Anapita kwangu magharibi, anakaa, anauliza hali za watoto mmoja mmoja kwa majina. Kisha:

“Mpwa wangu, kuna giza.”

Hasemi zaidi. Hajawahi kutaja neno tochi. Anaeleza tu hali ya hewa.

Nampa. Anarudisha kesho yake au kesho kutwa, betri zimekufa kabisa, hata jua la Oktoba haliziamshi. Watu wanasema mjomba anakunywa sana. Uongo. Mjomba anakunywa mpaka betri ziishe, akaacha.

Nilijaribu taa za sola, zile za kuweka juani mchana. Ni nzuri, na shida yake ni hiyohiyo na nyongeza moja: iko nje siku nzima, mwenyewe hupo, na kila anayepita anaiona imekaa bila kazi. Nilijaribu ya kuchaji kwa umeme. Umeme upo kijijini siku hizi, sikatai, mradi umeupitisha. Lakini una safari zake. Gesi yetu ya Mtwara ilichimbiwa bomba la zaidi ya kilomita 500 mpaka Dar es Salaam, likazinduliwa Oktoba 2015. Wao huko wanaiwashia lifti. Mimi nikaacha taa yangu kwa kinyozi mwenye kibetri cha akiba, nikaikuta inatumika kunyolea mteja upande wa kisogo.

*

Nina mtani wangu wa Kimakonde, anakaa juu huko Newala, anateremka kuja kuuza vinyago na kunitukana. Mimi Mmakua, kwa hiyo ana kibali.

“Ninyi Wamakua mna laana. Mnanunua taa na Mungu amewasha yake bure.”

Anasema mbalamwezi. Na kweli, ukiwa na mwezi mpevu mchanga wa njia unang'aa mpaka unaona kwato za mbuzi. Wazee walipanga safari, ngoma na hata misiba midogo kwa kuangalia mwezi. Tatizo ni kwamba mwezi hauendi na ratiba ya ghala. Kila siku unachelewa kuchomoza kwa karibu dakika 50. Siku unapokuwa mpevu unatoka wakati wa magharibi, raha tupu. Siku chache baadaye unatoka saa tatu, saa nne, na hapo ndipo mimi nipo njiani kati ya giza la kwanza na mwezi uliochelewa.

Na giza hilo lina wenyewe. Mtafiti Mmarekani, Craig Packer, na wenzake, akiwamo Mtanzania, walikusanya habari za watu walioshambuliwa na simba nchini kuanzia 1988 hadi 2009, nyingi zikitoka mikoa hii yetu ya kusini, Lindi na Mtwara. Walichapisha mwaka 2011. Waligundua kwamba simba hashambulii ovyo: hatari inapanda katika siku zinazofuata mwezi mpevu, saa za mwanzo za usiku, kabla mwezi haujatoka. Mbalamwezi inamnyima windo, kwa hiyo giza likirudi anarudi na njaa. Nikamsomea mtani. Akatikisa kichwa kwa huruma.

“Wale si simba wa porini. Wale ni wa kutumwa.”

“Wanatumwa wakiwa na kalenda?”

Akasema aliyewatuma anayo.

Simba siku hizi huku kwetu ni nadra, nashukuru, lakini mtu ukishasoma habari ile hupandi baiskeli kwa moyo uleule. Na taa ya nyuma ndiyo iliyonikosanisha na kijiji. Nilinunua ile nyekundu ya kumeta, ndogo, ya kubana chini ya kiti. Wataalamu wa usalama wanaisifu: dereva anaiona kutoka mbali. Hawakusema mwingine anayeiona. Baiskeli iliyotiwa grisi vizuri haina sauti kwenye mchanga. Bibi mmoja alikuwa uani kwake usiku akaona kitu chekundu kinafumba na kufumbua, kinaelea kimo cha kiuno, kimya, kinaelekea makaburini. Njia ya kwangu inapita makaburini, nifanyeje? Kesho yake habari ilikuwa imefika ghalani kabla yangu: mumiani wamerudi, wana gari dogo lisilo na mlio. Wakulima waliamua kuja kuchukua salfa mchana. Wiki nzima. Nikafikiria kunyamaza, maana nilikuwa nalala mpaka jua linatoka, lakini mwenyekiti wa kijiji akaanza kupanga doria ya sungusungu yenye marungu, nikaona bora niing'oe.

*

Sasa dainamo. Hii nataka niikalie kidogo, kwa sababu imesingiziwa mengi.

Vijana hawaijui. Ni kile kichupa cha chuma kinachofungwa kwenye uma wa baiskeli. Unakibonyeza, kichwa chake kinalalia tairi, tairi likizunguka nacho kinazunguka, ndani kuna sumaku na waya, umeme unatoka. Volti 6, wati 3: 2.4 za taa ya mbele, 0.6 za nyuma. Baiskeli ya baba yangu, Phoenix ya Kichina iliyokuja na kengele yenye sauti ya kanisani, ilikuwa nayo. Wazee wanasimulia kwamba enzi za Mwingereza ukikamatwa unaendesha usiku bila taa ilikuwa kesi, na askari alikuwa anakuvizia kichakani. Siku hizi unaweza kupita na jeneza kwenye keria bila taa, ukapewa pole tu.

Malalamiko dhidi ya dainamo ninayo yote kichwani, maana nilikua nayasikia. Inakula tairi. Inaunguruma. Inakuongezea mzigo miguuni, kana kwamba umepakia mtoto. Mvua ikinyesha inateleza juu ya tairi na taa inakata. Na ina tabia mbaya ya kutoa mwanga kinyume na mahitaji: kwenye mlima wa kupandisha Newala, unapojivuta taratibu na unahitaji kuona kila jiwe, inatoa mwanga wa kiberiti, ukiteremka kwa kasi, umeme unapanda mpaka globu inaungua. Globu ya nyuma ikitangulia kuungua, umeme wake wote unakwenda kwa ya mbele, nayo inaaga. Unabaki gizani, kwenye mteremko, ukiwa na kasi. Na ukisimama, inazima kabisa. Ukutane na simba, unatakiwa uendelee kukanyaga ndipo umwone.

Yote hayo ni kweli. Ila siku moja, nikiwa nimeketi kwa fundi baiskeli chini ya mkorosho, nikiwa nimekasirika kwa sababu mjomba alikuwa na tochi yangu tangu Jumanne, niliitazama dainamo kuukuu iliyokuwa kwenye kopo lake la spoki na nati, nikaona kitu ambacho hakuna duka lililowahi kuniambia. Dainamo imefungwa kwa nati mbili. Waya wake umepita ndani ya fremu. Ukiing'oa, haiwaki. Haipiki maharage, haifanyi hesabu za darasa la sita, haifukuzi kicheche, haiendi kutembelea wagonjwa. Haiazimiki!

Nikamwambia fundi: funga.

Fundi wa baiskeli akamwita fundi wa redio, na hao wawili wakaifanyia kazi ambayo Masasi mjini hawana kwenye duka lolote. Waliitupa globu. Badala yake wakaweka vile vitaa vya LED kutoka kwenye ile maiti ya lumeni elfu kumi; vitaa vyenyewe havikuwa na kosa, kosa lilikuwa la betri na la mwandishi wa pakiti. Ila umeme wa dainamo unakwenda na kurudi, na LED inataka wa upande mmoja. Fundi redio akatoa dayodi nne kwenye redio iliyokufa, akazipanga, akaongeza kapasita kubwa ya kuhifadhi umeme kidogo ili ukisimama taa isizime papo hapo, akaweka na kizuizi cha kupunguza umeme usije ukaviunguza, akafunika kwa kipande cha tyubu. Kwa juu ya kioo wakaweka kikofia cha bati la kopo, mwanga usipande kwa komba. Ndiyo ile sheria ya Wajerumani, imetekelezwa Lulindi kwa kopo la maziwa. Wajerumani wenyewe, nilivyosoma, waliishikilia dainamo kisheria mpaka mwaka 2013 ndipo wakaruhusu taa za betri kwa baiskeli zote. Nawaheshimu kwa hilo. Nadhani na wao wana wajomba.

LED haihitaji umeme mwingi. Hata nikienda polepole kwenye mchanga inawaka, na nikiongeza mwendo naona njia, jiwe na mbuzi kwa mpangilio wao. Inaunguruma, ndiyo. Bibi yule ananisikia nikiwa bado mbali na anasema karani huyo anapita. Kwa nyuma sikuweka taa tena. Niliweka rifleta nyekundu ya bei ya chai na andazi. Haina betri wala kitufe. Vioo vyake vidogo vya pembe vinaurudisha mwanga kulekule ulikotoka, kwa hiyo gari likikumulika dereva anakuona, na bibi asiye na gari haoni kitu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu barabara unataka baiskeli iwe na kiakisi chekundu nyuma na iweze kuonyesha taa nyeupe au ya njano mbele na nyekundu nyuma. Mimi nimetimiza theluthi mbili. Nawashauri wenzangu wanaotokea barabara kubwa waitimize yote, maana barabara ya Mtwara, Newala na Masasi imekuwa ikiwekwa lami kipande kwa kipande, na lami ikifika, magari yanaacha kuogopa mashimo na yanaanza kutafuta watu.

Kwa hiyo ukiniuliza taa gani ununue, jibu langu ni hilo. Usiulize lumeni. Usiulize hali ngapi. Ishike, ivute, jaribu kuing'oa. Ikitoka kwa mkono, si taa ya baiskeli, ni taa ya ukoo. Na kabla ya yote nunua rifleta, uifunge kwa riveti, kwa sababu ukiifunga kwa skrubu Zawadi wa nyumbani kwako ataivaa shingoni.

Nilikuwa nimeamini mambo yamekwisha. Msimu umefika, mabibo yameiva, mjomba akaja magharibi na kofia yake safi. Akauliza hali za watoto kwa majina. Akaitazama baiskeli, akaitazama ile taa, akaona nati, akaona waya ulivyopita ndani ya fremu. Akanyamaza muda mrefu, kama mtu anayepima sheria mpya.

“Mpwa wangu,” akasema, “kuna giza, na miguu inauma.”

Sasa niseme na madereva wa bodaboda, hasa ninyi wenye taa tatu za kupofusha mnaokuja toka Chiungutwa kama mnafukuza mwizi. Usiku huu mkikuta mzee anasukuma baiskeli akirudi nyumbani, taa haiwaki, kwa sababu dainamo haitoi umeme kwa mwendo wa mtu aliyetoka kwa wagonjwa, tafadhali msipige honi. Punguzeni taa, mpisheni, na msimpe lifti akaiacha baiskeli kichakani. Saa kumi na moja na nusu naihitaji.